Mwalimu wa kung fu aliyelea watoto wa wenzake

Ukiwa Guangzhou, kusini mwa China, kwenda Foshan si safari ya kufungasha begi. Treni ya mjini inayounganisha miji hiyo miwili, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2010, inakushusha kituo cha Zumiao, na ukishatoka nje hauko mbali na hekalu lililokipa kituo hicho jina. Ni hekalu la zamani hasa. Lilianza katika karne ya 11, likajengwa upya mwaka 1372, na ndani ya uwanja wake lipo jukwaa la maigizo lililosimamishwa mwaka 1658. Foshan ipo kwenye delta ya Mto Pearl, nchi ya mito na mifereji, na mungu anayeabudiwa hapo, Beidi, ndiye ambaye wenyeji wa zamani walimwomba awakinge na mafuriko.

Mgeni kutoka kwetu huenda asifuate mungu wa maji. Atafuata kung fu. Ndani ya eneo hilohilo la hekalu kuna nyumba mbili za kumbukumbu za walimu wa mapigano. Ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka 2001, ni ya Wong Fei-hung, ambaye wenyeji wa Kaskazini humwita Huang Feihong, tabibu na mpiganaji aliyezaliwa eneo hili mwaka 1847. Hapo huchezwa ngoma ya simba, vijana wawili wakiwa ndani ya simba mmoja wa kitambaa, na watalii huijaza hewa simu zilizoinuliwa juu. Ya pili ilifunguliwa mwaka uliofuata. Hiyo ni ya Ip Man.

Wazazi wengi walimfahamu Ip Man kwenye kibanda umiza, au walimkuta kwenye simu ya mtoto. Filamu ya mwaka 2008 iliyochezwa na Donnie Yen inamwonyesha akiwaangusha wanaume kumi peke yake, bila kupepesa macho. Ukimtafuta mtu huyo kwenye picha zake halisi humpati. Unakutana na mzee mwembamba, mfupi, amevaa kanzu ndefu ya Kichina, uso wake kama wa mtu anayesubiri chai iletwe.

Maisha yake ya kweli yana ngumi chache kuliko filamu, na kwa mzazi yana jambo zito zaidi. Ip Man alifundisha vijana wa watu kwa takribani miaka 20. Kwa zaidi ya nusu ya muda huo, watoto wake mwenyewe wa Foshan walikuwa upande wa pili wa mpaka, na yeye hakuweza kuwalea.

Mtoto wa tajiri

Alizaliwa Oktoba 1, 1893, katika familia yenye mali. Ukoo wao ulikuwa na ukumbi wake hapa mjini, na ukumbi huo walikuwa wamempangisha mwalimu mmoja wa mapigano, mzee Chan Wah-shun. Mzee huyo alikuwa na kazi ya kubadilisha fedha sokoni, na watu walimwita kwa jina la kazi yake, Wah mbadilisha fedha. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa akipita, anachungulia, anarudi kesho yake anachungulia tena. Mwishowe akapokelewa. Alikuwa bado mdogo na mwalimu alikuwa ameshazeeka, kwa hiyo Ip Man ndiye anayehesabiwa kuwa mwanafunzi wa mwisho wa Chan.

Chan naye alifundishwa na Leung Jan, tabibu wa dawa za mitishamba aliyekuwa na duka lake kwenye mtaa ambao jina lake maana yake ni Vijiti vya Kulia. Mtaa wa jina hilo bado upo Foshan. Katika mji huu wa zamani, kung fu na tiba vilikaa chumba kimoja. Mwalimu aliyekufundisha kupiga ndiye aliyekurudishia kiungo kilichoteguka, akakupaka dawa aliyoichanganya mwenyewe. Wong Fei-hung vilevile aliishi kwa duka la dawa. (Hapo mzazi asichukue somo lisilokusudiwa: mtoto akianguka mazoezini na mkono ukavimba, apelekwe hospitali apigwe picha ya eksirei. Mfupa uliounganishwa vibaya utotoni unaweza kumsumbua maisha yake yote.)

Leung Jan alijifunza kwa waigizaji. Vikundi vya opera ya Kikantoni vilisafiri mitoni kwa mashua zilizopakwa rangi nyekundu, vikitoka kijiji hadi kijiji, na chama chao kilikuwa na makao Foshan. Mwaka 1854 waigizaji wengi waliingia kwenye uasi dhidi ya utawala wa Qing. Mwaka uliofuata serikali iliyabomoa makao yao. Fimbo ndefu ambayo wanafunzi wa Wing Chun huishika hadi leo inasemekana ni mtoto wa upondo, ule mti wa kusukumia mashua.

Kuna na hadithi nyingine, ambayo Ip Man mwenyewe aliiandika kwa mkono wake: kwamba mtindo huu ulianzishwa na mtawa wa kike, Ng Mui, na kwamba jina lake ni la msichana, Yim Wing Chun, binti wa muuza tofu aliyekuwa akilazimishwa kuolewa na mbabe wa eneo lao. Mtawa akamfundisha, binti akampiga mbabe, ndoa ikafa. Wanahistoria hawana ushahidi wa hadithi hiyo. Lakini mzazi mwenye binti ataelewa kwa nini haijafa. Na ukitazama mtindo wenyewe, viwiko vimebana katikati ya mwili, hatua fupi, ngumi inayokwenda moja kwa moja bila kuzunguka, unaona kweli umetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyetegemea misuli.

Akiwa na umri wa miaka kama 16, Ip Man alipelekwa Hong Kong, wakati huo koloni la Waingereza, kusoma katika shule ya St. Stephen's College. Alikwenda huko akijiona ameshaiva. Kwa simulizi yake mwenyewe, siku moja alipelekwa kupimana nguvu na mzee fulani, akarushwa mara ya kwanza, akarushwa mara ya pili, na baadaye akagundua kuwa mzee huyo ni Leung Bik, mtoto wa yule tabibu wa Mtaa wa Vijiti. Alikaa kwake akijifunza upya. Wapo watafiti wanaoitilia shaka simulizi hiyo, na huenda wana sababu. Hata hivyo ni vizuri kuona ni kisa gani mwalimu alichagua kuwasimulia wanafunzi wake kuhusu ujana wake: kisa cha siku aliyopigwa.

Alirudi Foshan, akaoa, mkewe akiitwa Cheung Wing-sing, wakapata watoto wa kiume na wa kike. Hakufungua shule. Mtu wa hadhi yake hakuuza ngumi. Alifanya mazoezi na marafiki, akaishi kwa mali ya familia.

Oktoba 1938 jeshi la Japan liliingia Foshan. Mali ikaenda, njaa ikaja. Baada ya vita Ip Man alifanya kazi ya upolisi chini ya serikali ya chama cha Kuomintang, na wakomunisti waliposhinda mwaka 1949, mtu mwenye historia kama hiyo, mwenye asili ya umwinyi na askari wa serikali iliyoanguka, hakuwa na usalama. Akavuka kwenda Hong Kong.

Mtaa wa Tai Nan

Sham Shui Po, upande wa Kowloon, leo ni mahali pa kununulia vifungo, zipu, vitambaa vya jora na redio zilizotumika. Mtaa wa Tai Nan una maduka ya ngozi na migahawa midogo ya kahawa inayopendwa na vijana wa kupiga picha. Mwaka 1950 hapakuwa hivyo. Vita vilipomalizika mwaka 1945 Hong Kong ilikuwa na watu wapatao 600,000. Miaka mitano baadaye walikuwa zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakimbizi. Watu walilala kwenye mabanda ya mbao na bati kando ya vilima, na usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto wa Shek Kip Mei, jirani tu na hapo, uliwaacha watu wapatao 53,000 bila makazi.

Kwenye mtaa huo wa Tai Nan ndipo kilipokuwa chama cha wafanyakazi wa migahawa. Rafiki mmoja alimpeleka Ip Man hapo, na ndipo mtoto wa tajiri alipoanza kufundisha kwa malipo. Alikuwa na umri wa miaka 56. Kwa Tanzania huo ni umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari.

Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wahudumu na wapishi, watu waliokuja baada ya kazi, wananuka mafuta ya kukaangia. Mmoja wao, Leung Sheung, alikuwa tayari anawafundisha wenzake mitindo mingine, mwili wake mkubwa kuliko wa mzee huyo mgeni. Walipogusana mikono akaelewa, akaacha kufundisha, akawa mwanafunzi. Mwingine, Chu Shong-tin, alikuwa karani wa chama hicho. Alikuwa na afya dhaifu, na huyu tutamrudia.

Walimwita sifu. Neno hili limezoeleka hadi limepoteza ladha, kwa hiyo linahitaji kufunguliwa. Kwa maandishi ya Kichina, sifu wa namna hii huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni mwalimu, ya pili ni baba. Mwanafunzi aliyekutangulia ni kaka yako, hata kama umemzidi umri. Aliyekuja nyuma yako ni mdogo wako. Mwalimu wa mwalimu wako ni babu. Mswahili halihitaji kuelezwa sana jambo hilo, maana kwetu pia fundi anamwita mwanafunzi wake "mwanangu" na hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa.

Somo la kusimama

Somo la kwanza la Ip Man lilikuwa la kusimama. Linaitwa Siu Nim Tau, maana yake ikikaribia "wazo dogo". Magoti yamekunjwa kidogo na kuelekea ndani, nyayo hazisogei hata hatua moja tangu mwanzo hadi mwisho, na mikono inakwenda mbele na kurudi. Sehemu yake ya kwanza inafanywa polepole mno, mkono mmoja ukisogea kama hausogei. Kijana aliyekuja kujifunza kurusha teke anaweza kuona anachezewa.

Wengi waliona hivyo, wakaondoka. Mwalimu hakuwafuata.

Yule karani, Chu Shong-tin, hakuondoka. Mwenye mwili dhaifu hana cha kuringia, kwa hiyo alisimama na kurudia wazo dogo, miezi na miaka, akatafuta namna ya kulegeza mabega na kuacha nguvu itoke bila kukaza. Wenzake wakaja kumbatiza jina la mfalme wa Siu Nim Tau, na alifundisha hadi uzeeni. Katika kundi hilohilo alikuwemo Wong Shun-leung, kijana wa kinyume chake kabisa. Huyu alitaka kujua kitu kimoja tu: kinafanya kazi au hakifanyi? Alijipima kwenye mapambano ya siri ambayo vijana wa Hong Kong waliyafanya juu ya mapaa ya ghorofa, bila glovu, bila mwamuzi wa maana, na akapata sifa ya kutoshindwa. Sifu wake hakumgeuza kuwa karani, wala hakumgeuza karani kuwa mpiganaji. Ukiwatazama walimu waliotoka mikononi mwake unashangaa: kila mmoja anasimama tofauti, kila mmoja anadai ndivyo alivyofundishwa, na inawezekana wote wanasema kweli. Aliangalia mwili na tabia ya aliyekuwa mbele yake, akampa kinachomfaa. Ubaya wake ulionekana baadaye, pale wanafunzi walipoanza kugombana nani hasa alipewa urithi kamili. Ugomvi huo haujaisha.

Alifanya na jambo jingine ambalo mtu yeyote anayejaribu kueleza mambo magumu kwa watu wa kawaida atalithamini. Walimu wa zamani walizungusha mafunzo yao kwa maneno ya falsafa, mambo ya elementi tano na mengine ya kifumbo. Ip Man, mtu aliyepita shule ya Kiingereza, aliyaweka kando. Alieleza kwa lugha ya pembe, umbali na uzito: kiwiko kikiwa hapa unazuia, kikiwa pale unapigwa.

Kisha kuna mikono inayonata, chi sao. Wanafunzi wawili wanagusanisha mikono kati ya kiwiko na kiganja, wanaizungusha bila kuachana. Unayemgusa akisukuma, unapokea. Akilegea, unaingia. Wengine hufanya hivyo wakiwa wamefungwa kitambaa machoni. Hakuna mshindi anayetangazwa. Mwili unajifunza kusikia nia ya mwingine kupitia ngozi, na ukikaza misuli unakuwa kiziwi. Ip Man alilitumia zoezi hili kuliko jingine lolote, na wanafunzi wake wengi wanalitaja kuwa ndipo alipowasoma tabia. Mwenye hasira hujionyesha mapema sana akiwa amekushika mikono.

Na kulikuwa na mtu wa mbao. Ni gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambalo mwanafunzi hulipigia kwa mfululizo uliopangwa. Kwa Ip Man, mfululizo huo ulifikia mapigo 116. Kule Foshan gogo hilo lilichimbiwa ardhini uani. Hong Kong hakukuwa na ua. Kulikuwa na vyumba vya ghorofani, sakafu ya zege, majirani chini. Katika miaka ya 1950 fundi seremala alimtengenezea gogo la kutundika kwenye mbao mbili zilizofungwa ukutani, linalocheza kidogo ukiligonga. Leo karibu kila klabu ya Wing Chun duniani hutumia gogo la namna hiyo, na wengi hawajui kwamba sababu yake ni shida ya nyumba.

Alihama sana. Shule yake ilipita Sham Shui Po, Yau Ma Tei, na hata kwenye majengo ya serikali ya Lee Cheng Uk yaliyojengwa kuwahifadhi wakimbizi, ambako familia nzima ilipewa chumba kimoja na choo kilikuwa cha wote. Ukumbi ulikuwa ni sebule yake. Wanafunzi walipoongezeka kodi ililipika, walipopungua alihama tena.

Kijana mtukutu wa muigizaji

Ndani ya vyumba hivyo, katikati ya miaka ya 1950, aliingia kijana mmoja wa miaka kama 13 au 14, mtoto wa muigizaji wa opera, Lee Hoi-chuen. Kijana huyo alishacheza filamu akiwa mtoto. Shuleni alikuwa mtu wa kugombana. Baadhi ya wanafunzi wakubwa walikataa kufanya naye mazoezi kwa sababu mama yake alikuwa na damu ya Kizungu, na kung fu, walisema, haifundishwi wasio Wachina halisi. Akaendelea kwa kujifunza zaidi kwa Wong Shun-leung, yule wa mapaani. Mwaka 1959, wazazi wake walipoona magomvi ya mitaani yanamfikisha pabaya, walimpandisha meli kwenda Marekani, alikozaliwa. Alikuwa na miaka 18. Dunia ikaja kumjua kwa jina la Bruce Lee.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama kung fu itamtuliza mtoto mtukutu anaweza kusikitika: mwanafunzi maarufu kuliko wote wa mwalimu mtulivu kuliko wote hakutulia. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni cha kawaida zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, na klabu yenye mwalimu mwangalifu ni njia mojawapo ya kuzipata. Mwangalifu ndilo neno. Kabla ya kulipa ada, mzazi akae pembeni darasa zima, atazame mwalimu anafanya nini mtoto mdogo anaposhindwa, na kama kuna anayepigwa kichwani kwa jina la ukakamavu. Mengine anaweza kumwachia sifu.

Upande wa pili wa mpaka

Turudi kwa baba.

Mpaka kati ya China na Hong Kong ulifungwa mwaka 1951. Kabla ya hapo watu walikuwa wakienda na kurudi, wakipeleka mchele, wakitazama wazee. Ulipofungwa, Cheung Wing-sing alikuwa Foshan na watoto, mumewe yuko Hong Kong. Foshan na Kowloon haziko mbali. Leo mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi mji mmoja na kula chakula cha mchana mwingine. Wao hawakuishi pamoja tena. Mama huyo alifariki dunia mwaka 1960, akiwa amekaa na jina la mke kwa miaka tisa bila mume ndani ya nyumba.

Ip Man kwa upande wake aliishi Hong Kong na mwanamke mwingine, akazaa naye mtoto wa kiume. Baadhi ya wanafunzi walichukia, wakaacha kuja. Makumbusho na filamu hazilisemi jambo hili kwa sauti, na si ajabu, kwani mtu akishajengewa ukumbi hekaluni inakuwa vigumu kumsimulia mzima. Lakini familia za watu walioachana na wenzao kwa vita, mipaka au kazi za mbali zitamwelewa, hata zisipomsamehe.

Mtoto wake Ip Ching alizaliwa mwaka 1936. Baba alipoondoka alikuwa mvulana wa kumi na tatu hivi, umri uleule ambao Bruce Lee aliingia nao kwenye chumba cha baba huyohuyo kujifunza. Mkubwa wake, Ip Chun, alizaliwa mwaka 1924, alikuwa mtu mzima tayari, mpenzi wa muziki na maigizo zaidi ya ngumi. Mwaka 1962 wote wawili walifanikiwa kuvuka kuingia Hong Kong. Mmoja alikuwa na miaka 26, mwingine 38. Walimkuta baba ana karibu miaka 70, amezungukwa na vijana wanaomwita baba-mwalimu na wanaomjua kuliko wao: wanajua anapenda chai gani, anakasirika lini, anatania vipi.

Wakaanza na wazo dogo, kama kila mtu. Ndani ya nyumba alikuwa baba yao, kwenye mazoezi wahudumu wa migahawa walikuwa kaka zao wakubwa.

Mwaka 1967 Ip Man na wanafunzi wake walianzisha rasmi chama chao cha Wing Chun Hong Kong. Mwenyewe aliishi Mtaa wa Tung Choi, Mong Kok, namba 149. Mtaa huo leo unajulikana kwa soko la nguo upande mmoja na maduka ya samaki wa mapambo upande mwingine, samaki wakining'inizwa nje ndani ya mifuko ya nailoni yenye maji. Mtalii anayetafuta alama ya mwalimu anapita katikati ya samaki.

Mwaka 1972 alikuwa na saratani ya koo. Majuma machache kabla ya mwisho alikubali kupigwa picha za video akifanya mfululizo wa mtindo wake, nyumbani, ili wanaobaki wasije wakabishana sana mkono ulikwenda wapi. Wanawe walikuwapo. Mkanda huo upo, hauna sauti. Mzee amekonda, shingo imebaki nyembamba. Anaanza na kusimama, magoti ndani, na mkono wa kwanza unatoka polepole kama alivyowachosha nao mamia ya vijana. Anafika hadi kwenye gogo la mbao. Mahali fulani anasita, anapumua, halafu anaendelea.

Hakufikia fimbo ndefu wala visu. Alifariki dunia Desemba 1972, akiwa na miaka 79, akazikwa Wo Hop Shek, Fanling, karibu na ule mpaka. Ip Ching, aliyempata baba yake akiwa na miaka 26 na kukaa naye miaka kumi, alifundisha Wing Chun Hong Kong hadi alipofariki Januari 2020.